Shahidi wa Nne

Mashine yangu ina sauti mbili. Ikipita juu ya chuma, inakoroma chinichini, kama mtu aliyelala mchana baada ya kushiba. Ikipita juu ya shaba au sarafu, inalia sauti nyembamba ya juu, kama kifaranga. Vifuniko vya chupa za bia navyo hulia kama kifaranga, ndiyo maana mwanzoni nilichimba vifuniko vingi sana. Ilinichukua karibu mwaka kujua tofauti. Ukipitisha mashine juu ya kifuniko kutoka upande mmoja, sauti ni nzuri. Ukija kutoka upande mwingine, inakatika. Kitu cha kweli kinalia sawa kutoka pande zote.

Niliipata kwa mjomba wangu. Alirudi kutoka kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Nyunzu akiwa amekonda, akaitupa nyuma ya nyumba yetu.

"Hii kitu ni muongo," alisema. "Miezi sita inanionyesha misumari tu."

Kichwa chake, ile sahani ya duara inayopita juu ya ardhi, kilikuwa kimepasuka. Nikaziba ufa kwa lami wanayozibia mitumbwi, nikakifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, nikaweka betri za radio. Ikakoroma. Nilikuwa nimesimama juu ya kisu cha Mama kilichopotea. Mjomba akacheka mpaka akakohoa, akasema nibaki nayo.

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa sita wa primeri, nikabaki nyumbani kumsaidia Mama kuanika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Papa, baba yangu, alikuwa amekwisha kufa. Mimi si mtu wa maneno. Watu watatu wakinisalimu kwa pamoja, namjibu mmoja, na sauti yenyewe haimfikii. Kwa hiyo mashine ilinifaa. Ukitembea nayo unaangalia chini, na hakuna anayekuuliza kwa nini unaangalia chini.

Nilikuwa naenda ufukweni asubuhi, kazi ya ndagala ikiisha. Akina mama wanaochambua samaki walikuwa wananijua.

"We mutoto, unapanguza ziwa?" mmoja aliniita. "Kule kona haijatakata bado!"

"Muache," mwingine akajibu. "Anatafuta bibi wa kuoa. Atamupata wa chuma, hatamusumbua na maneno."

Wakacheka, nami nikacheka nikiwa nimewapa mgongo.

Vitu nilivyovipata niliviweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Sarafu za makuta za zamani, za kijani kwa kutu. Kijiko chenye herufi mbili kwenye mkono. Kufuli lenye ufunguo wake ndani. Kifungo cha shati la kazi. Hereni saba, na kati ya hizo saba hakuna mbili zinazofanana. Kila kitu nilikiosha kwa majivu na ndimu, nikakiangalia muda mrefu. Mtu fulani alisimama pale pale niliposimama, kitu kikamtoka mkononi, akaenda zake bila kujua au akatafuta mpaka akachoka. Sasa kipo kwangu. Furaha ya kukipata siwezi kuieleza vizuri. Siku nilipompatia mama mmoja msafiri wa Moba ufunguo wa sanduku lake, uliokuwa umezama mchangani wakati anashuka kwenye boti, alinishika mikono yote miwili akaitikisa mbele ya watu wote. Nilikosa pa kuangalia. Lakini niliporudi nyumbani nilikuwa natembea kama shefu wa mtaa.

Kisha ziwa likapanda. Kila mtu wa Kalemie anaujua mwaka wake wa maji. Wetu ulitukuta na vichanja vya ndagala vikiwa vimejaa. Maji yaliingia uani, yakaingia ndani, yakabeba sanduku la karatasi za nyumba pamoja na magodoro. Tulihamia kwa mama mdogo kule mlimani. Tuliporudi baada ya misimu miwili, ukuta wa matete haukuwepo. Sehemu ya mbele ya parseli, kiwanja chetu, ilikuwa imejaa mchanga. Huku nyuma, kwenye kona, maji yalikuwa yamefanya kinyume: yalikuwa yameondoa udongo wa juu, ardhi ikabaki ngumu na ya kijivu.

Na jiwe la mpaka lilikuwa limehama.

Ni nguzo fupi ya simenti yenye chuma ndani, mpima ardhi aliiweka pale mwaka niliozaliwa. Sasa ilikuwa imesimama hatua saba ndani ya parseli yetu, wima, safi, kama iliyopandwa jana. Jirani yetu, mzee mmoja anayeuza mbao ambaye naye tunamwita Papa, alikuwa amechomeka vijiti na kufunga kamba kutoka kwenye jiwe hilo mpaka ufukweni. Hatua saba hizo ndizo zilizokuwa mahali pa vichanja vya Mama. Upande mwingine ni nyumba na choo. Bila hatua saba, Mama hana pa kuanika, na asipoanika hatuli.

"Papa, jiwe limehama," Mama alimwambia jirani.

"Mama, jiwe haiko na miguu," alijibu. "Mulikuwa mumesahau tu. Maji inasahaulisha watu."

"Mimi nililea mutoto hapa!"

"Leta karatasi."

Karatasi zilikuwa ziwani. Mama alienda biro, ofisi ya shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu. Shefu alimsikiliza, akamsikiliza jirani pia, akasema atakuja Jumamosi kuona kwa macho yake. Atakachokikuta ardhini ndicho atakachokiandika, na kikiandikwa kimekwisha. Ilikuwa Jumatatu.

Nilichukua mashine bila kumwambia mtu. Nilifikiri hivi: kama jiwe limeng'olewa, labda kipande cha chuma chake kilibaki. Jirani akienda kuuza mbao, mimi naingia kwenye zile hatua saba. Tatizo ni kwamba mashine ilikoroma kila mahali. Maji yalikuwa yameleta mabati ya watu wengine, misumari, waya. Kosa langu lilikuwa kuchimba penye sauti kubwa zaidi. Jumatatu nilitoa nusu ya bati. Jumanne nilitoa rimu ya baiskeli na jiko la makaa lililotoboka. Jirani alirudi mapema akakuta mashimo.

"Unapanda mihogo?" aliuliza. Alikuwa na vijana wake wawili wa kubeba mbao, wakacheka. "Panda, panda. Mutanivunia mimi."

Nilifukia mashimo yangu kwa miguu, masikio yanawaka.

Jioni ya Jumatano nilikuwa nakunywa chai kwenye kikombe cha Papa. Ni kikombe cheupe cha bati, kimebanduka rangi mdomoni, na chini yake Papa alikwangua namba yake ya kazi kwa msumari: 317. Alikuwa mtu wa reli, kwenye kikosi kinachotengeneza njia. Namba hiyo aliikwangua kwenye kila kitu chake, hata kwenye sahani, kwa sababu kazini vitu vilikuwa vinachanganyika. Vingine maji yalivibeba. Kikombe kilibaki kwa sababu Mama alikimbia nacho mkononi, hajui kwa nini.

Mama aliangalia mikono yangu iliyochubuka.

"Unachimba nini kule?"

"Chuma cha jiwe."

Akasema kitu ambacho hakuwahi kukisema, kwa sababu hakikuwahi kuhitajika. "Watu wa reli walikuwa na tabia yao. Jiwe la mpaka hawakuliamini peke yake. Chini yake walikuwa wanazika mashahidi. Zile skurubu kubwa za kushika reli, tatu, zimelazwa, vichwa vinaelekea nyumba ya mwenye parseli. Jiwe linaweza kung'olewa. Shahidi analala chini, hakuna anayemujua."

"Papa aliweka?"

"Alisema ameweka. Mimi sikuona, nilikuwa hospitali, kule maternite, umezaliwa siku mbili. Alikuwa na mpima ardhi tu." Akatikisa kichwa. "Wiki ile ile akapoteza kibati chake cha kazi, huyu muntu. Nilimugombeza mwezi muzima."

Kibati alichokisema nilikijua kwa kusikia. Kila mfanyakazi alikuwa na kibati kidogo cha shaba chenye namba. Asubuhi akichukua nyundo au koleo stoo, anakitundika mahali pa kifaa. Jioni akirudisha kifaa, anakichukua. Papa alipopoteza chake, alifanyishwa kazi Jumapili nne, na Mama alikuwa na mtoto mchanga peke yake. Hakuisahau habari hiyo.

Alhamisi saa sita mchana, jua limesimama, watu wote wamekaa vivulini, nilirudi. Safari hii sikufuata sauti kubwa. Nilianza kwenye pembe ya choo chetu, kwa sababu choo cha Papa hakikuhama, nikaenda polepole kuelekea mahali ambapo jiwe lilikuwa zamani kwa kumbukumbu yangu ya utotoni. Nilipita juu ya makoromo mengi bila kusimama. Kisha, kwenye ile ardhi ngumu ya kijivu ambako maji yalikuwa yamefuta hata shimo la jiwe, mashine ilikoroma koromo refu, la chini. Na ndani ya koromo hilo, kwa mbali sana, kifaranga.

Nilisimama. Nikapita tena. Koromo, na kifaranga ndani yake.

Nikasema moyoni, kifuniko cha bia. Nikapita kutoka upande wa ziwa, nikapita kutoka upande wa barabara, kutoka kwetu, kutoka kwa jirani. Sauti nyembamba haikukatika hata mara moja.

Nilipiga magoti na jembe mkononi. Sijawahi kutamani kuchimba kama siku ile. Tayari nilikuwa nimekwangua vidole viwili vya udongo nilipofikiria: nikikitoa leo, Jumamosi nitakuwa na vyuma mkononi na shimo lililo wazi. Jirani atasema nimeviokota kwenye njia ya reli, ambako vimejaa, na nimevileta hapa. Na shefu ataandika nini? Shahidi akishatoka ardhini hana tena mahali anapopashuhudia.

Kwa hiyo nilirudisha vile vidole viwili vya udongo, nikamwagia maji, nikavikanyaga. Nilihesabu hatua kutoka pembe ya choo: kumi na mbili na nusu. Nikaenda nyumbani. Siku mbili nilikaa na hesabu hiyo kichwani. Nilikuwa sijaona kitu. Nilikuwa nimesikia tu, tena kwa mashine ambayo mjomba aliiita muongo.

Ijumaa nilimwambia Mama. Hakuuliza maswali mengi. Aliuliza moja tu: "Utasema wewe mbele ya shefu?"

"Hapana."

"Basi mashine yako itasema," alijibu, akaendelea kupepeta.

Jumamosi shefu alikuja na daftari lake. Jirani alikuwa amevaa shati la kwenda misa. Vijana wake wawili walikuwepo, na wale akina mama wa samaki walikuja wote, wengine na mabeseni kichwani, maana habari ya mpaka hainyimwi wasikilizaji.

Jirani alionyesha jiwe lake. "Shefu, jiwe njo hii. Mi sina maneno mengi."

"Mama, weye unaonyesha wapi?" shefu aliuliza.

"Mutoto wangu ataonyesha," Mama alisema.

Wote wakanigeukia. Nilihisi shingo inapotea ndani ya mabega. Niliwasha mashine, nikachomoa waya ninaosikilizia masikioni ili kila mtu asikie, nikaanza kuhesabu hatua kutoka kwenye pembe ya choo. Kwenye kumi na mbili na nusu mashine ikakoroma, na kifaranga akalia.

"Kelele tu," jirani alisema. "Hiyo kitu inalilia hata kifuniko ya bia. Shefu, tutapoteza parseli juu ya bia?"

Watu wakacheka. Shefu naye alitabasamu. Na hapo nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi.

"Papa, kifuniko inalia hivi."

Nilitoa kifuniko mfukoni, nilikuwa nimekuja nacho, nikakitupa chini mbali kidogo. Nikapitisha mashine huku: ikalia. Nikapitisha kwa kukatiza: sauti ikakatika katikati, kama kikohozi. Kisha nikaweka sarafu ya makuta. Huku na huku, sauti ile ile. Nikarudi mahali pangu, nikapita kutoka pande nne. Sauti ile ile.

"Rudia," shefu alisema. Nikarudia. Aliinama karibu na mashine, kalamu nyuma ya sikio.

"Kuna nini chini?"

"Skurubu tatu za reli, shefu. Zimelala. Vichwa vinaangalia nyumba yetu." Nikapitisha mashine tena. "Na kitu kingine. Si chuma. Hicho sikijui."

"Amezika mwenyewe!" jirani alisema. "Wiki nzima anachimba kama panya. Vijana wangu wameona!"

Shefu alifikiri. Kisha akamwita kijana mmoja wa jirani, yule mkubwa, akampa jembe. "Chimba weye. Polepole. Na mimi nitaangalia udongo."

Kijana alichimba. Baada ya ile ngozi ya juu niliyoikwangua, ardhi ilikuwa ngumu kama tofali, na mizizi ya nyasi imeifuma. Jembe lilirudi mara mbili. Shefu alichukua bonge, akalivunja, akawaonyesha watu mizizi. Kidogo kidogo shimo lilifika kwenye goti la kijana. Kisha jembe likagonga, na sauti ile kila mtu aliijua, hata bila mashine.

Zilikuwa tatu. Kutu ilikuwa imezishikanisha zikawa kitu kimoja, lakini vichwa vilionekana wazi, vitatu, vimepangwa kama watoto kitandani, vyote vinaangalia nyumba yetu. Mama wa samaki mmoja akapiga kigelegele. Shefu akainua mkono.

"Bado. Amesema kuna kitu kingine."

Kijana alipapasa chini ya zile skurubu kwa vidole. Alitoa bonge la udongo, jembamba, akampa shefu. Shefu alilisugua kwenye suruali yake bila kujali. Kilikuwa kibati cha duara chenye tundu la kutundikia, na ndani ya tundu ulikuwa umepita mzizi wa nyasi, umeingia upande huu ukatokea upande ule, umenenepa humo humo ukakijaza kabisa. Hakuna mtu wa kupitisha mzizi kwenye tundu usiku mmoja.

Shefu alitema mate kidogo kwenye kibati, akakisugua tena, akakiinua kwenye mwanga.

"Mia tatu," alisoma. "Mia tatu kumi na saba."

Mama aliingia ndani ya nyumba. Tukasikia kitu kimeanguka, kisha akatoka na kikombe, chai ya asubuhi ingali ndani. Aliimwaga pale pale, akakigeuza, akamwekea shefu chini ya macho. Shefu aliangalia kikombe, akaangalia kibati, akampa jirani vyote viwili avisome mwenyewe.

"Basi maji njo yalihamisha jiwe," jirani alisema hatimaye.

"Maji yenye mikono!" mama wa samaki alipaza sauti. "Na jembe! Na simenti!"

"Na kipimo! Hatua saba, bila kukosea!" mwenzake akadakia.

Hapo vigelegele havikuzuilika tena. Mama alikaa chini kwenye udongo, kikombe mapajani, nikafikiri analia. Alikuwa anacheka. "Mwezi muzima!" alisema. "Nilimugombeza mwezi muzima, na yeye alikuwa amekizika mwenyewe hapa, ananyamaza tu! Anakwenda kazi ya Jumapili ananyamaza! Mubishi!" Akaninyooshea kidole mbele ya watu wote. "Na huyu njo mutoto alimuzaa. Muone!"

Safari hii sikuangalia chini.

Shefu aliandika akiwa amesimama. Jiwe likang'olewa, likarudishwa mahali pake na kijana yule yule. Lakini kabla halijashindiliwa, shefu alisema mashahidi warudi ardhini kama walivyokuwa, mbele ya watu waliopo, ndiyo desturi. Skurubu zikalazwa. Kibati kilikuwa mkononi mwangu. Kati ya vitu vyote nilivyowahi kuvipata, ndicho pekee nilichokitaka kweli. Nilikuwa tayari nimekiona ndani ya kopo langu, juu ya sarafu zote. Nilipitisha kidole juu ya namba mara moja, nikashuka shimoni, nikakiweka chini ya skurubu ya katikati, namba ikiangalia juu.

Wiki iliyofuata jirani aling'oa vijiti vyake na mbao chache alizokwisha kuzipigilia. Aling'oa kwa hasira, misumari ikatapakaa mchangani, mahali ambapo akina mama wangetembea bila viatu. Jioni alikuja kwenye mlango wetu, akasimama kando.

"Ile mashine yako," alisema, haniangalii. "Inaweza kutoa misumari?"

"Misumari njo inajua zaidi, Papa."

Nilipita pale siku nzima. Nilijaza kopo zima la misumari, nyingine bado nzima, nikampelekea. Aliipokea kwa mikono miwili.

Kesho yake tulisimamisha vichanja. Mama alimwaga ndagala wa kwanza, akawatandaza kwa viganja, wakametameta kama sarafu zilizooshwa. Akina mama watatu wa samaki walipita wakauliza kama nimeshapata bibi wa chuma. Nikawajibu, wote watatu, kwamba bado natafuta. Mama alijipangusa mikono, akaangalia kona ya nyuma, penye jiwe.

"Washa," aliniambia. "Nataka kumusikia papa yako."

Nikawasha, nikapita juu yake polepole.